Jina Lililoandikwa kwa Mkono Wangu

Jumamosi ni siku ya darasa la kipaimara katika usharika wetu hapa Ijuganyondo. Asubuhi moja, wenzake walipokwisha kutawanyika, binti mmoja wa kidato cha pili alibaki nyuma. Alikuwa na ndoo ndogo, zile zinazouzwa na rangi, na ndani yake kulikuwa na mmea mzima na mizizi yake mirefu myeusi. Juu ya majani kulikuwa na ua.

"Shikamoo, Baba Mchungaji. Waitu, naomba unisaidie simu yako kidogo. Mwalimu wa bayolojia ametupa kazi, na simu ya mama haina intaneti."

Nilichungulia ndani ya ndoo nikacheka. Lilikuwa gugumaji.

Alikuwa amelichukua mwaloni Nyamukazi. Kazi yao ilikuwa kuchagua mmea mmoja wa mazingira yao na kuupanga katika himaya, ngeli, oda, familia, jenasi na spishi. Wengine walichagua mgomba, wengine mbuni. Nilimuuliza kwa nini yeye amechagua takataka ya ziwani. Akanijibu kwa adabu kwamba hakuna mwingine darasani aliyelichagua, na kwamba ua lake ni zuri.

Ni kweli, ua lake ni zuri. Nimeishi kando ya ziwa hili zaidi ya miaka 40, lakini sikuwahi kuliinamia nikaliangalia. Lina petali sita za zambarau hafifu, na ile ya juu ina doa la njano lililozungukwa na rangi ya buluu. Vikonyo vya majani vimevimba kama vibuyu vidogo. Ukivibonyeza unasikia hewa ndani. Ndiyo inayolifanya lielee.

Mimi nilikuwa na sababu ya kutoliangalia. Gugumaji liliingia katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na njia yake kubwa ilikuwa Mto Kagera, uliolileta kutoka Rwanda. Kwao hasa ni Amerika ya Kusini, katika bonde la Amazon. Nilipokuwa kijana miaka ya 1990, tuliliona likija kwa mafungu kama visiwa vinavyotembea. Mitumbwi ilishindwa kutoka. Nyavu zilizolala majini usiku zilikutwa zimesombwa. Penye hali nzuri mmea huu huweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili hivi, na mbegu zake hukaa kwenye tope miaka 15 au zaidi zikiwa hai. Wavuvi waliotusomesha sisi watoto wao walilia. Kwa hiyo kwangu lilikuwa gugu, basi. Hata jina lake la Kiswahili linasema hivyo.

Tulikaa kwenye benchi nje ya ofisi tukafungua simu. Kitabu chake cha shule kililiita Eichhornia crassipes. Tukasoma ukurasa mmoja, ukasema hivyo hivyo. Tukafungua mwingine, huo ukasema Pontederia crassipes. Binti akaniangalia.

"Mchungaji, jina lake la kweli ni lipi? Na nani alikosea?"

Nilimwambia anipe muda. Usiku ule nilikaa na simu na daftari, nikaanza kuifuata habari hiyo kama ninavyotafuta maana ya neno moja la Kigiriki ninapoandaa mahubiri. Nawaeleza nilichokipata, maana ndicho kilichonifikisha mahali ambapo sikutaka kwenda.

Mwaka 1753 Linnaeus, msomi wa Sweden aliyetuwekea utaratibu wa kuita viumbe kwa majina mawili, alianzisha jenasi ya mimea ya majini akaiita Pontederia, kwa heshima ya Giulio Pontedera, mtaalamu wa mimea huko Padua, Italia. Miaka 70 baadaye Mjerumani Martius, aliyekuwa amesafiri Brazil kati ya 1817 na 1820, aliueleza mmea wetu huu akauweka katika jenasi hiyo hiyo. Crassipes maana yake ni mguu mnene, kwa sababu ya vile vikonyo vilivyovimba. Katika miaka ya 1840 Mjerumani mwingine, Kunth, alianzisha jenasi mpya, Eichhornia, kwa heshima ya Eichhorn, waziri wa elimu wa Prussia. Mwaka 1883 Solms-Laubach akauhamishia mmea huu humo. Tangu hapo gugumaji limetembea dunia nzima na jina la waziri mmoja wa serikali.

Eichhornia ilikuwa jenasi ndogo, spishi zake hazikufika kumi. Mwaka 2018 watafiti watatu, Pellegrini, Horn na Almeida, walichapisha kazi yao juu ya familia nzima. Walilinganisha maumbo ya mimea, wakalinganisha na vinasaba vyake. Wakakuta kwamba baadhi ya mimea iliyoitwa Eichhornia ina undugu wa karibu zaidi na Pontederia kuliko na wenzake wanaoshiriki nao jina. Yaani ile haikuwa nyumba moja. Ilikuwa watu waliowekwa chumba kimoja kwa sababu mpangaji aliona wanafanana. Wakairudisha mimea yote hiyo katika Pontederia. Baada ya miaka 135 gugumaji likarudi katika jina alilolipa Martius mwanzoni. Vitabu vingi bado vinaandika lile la zamani.

Nikajifunza jambo la pili. Gugumaji lina ndugu yake wa Afrika, Pontederia natans, mmea mdogo wa madimbwi na mabwawa ambao ni mwenyeji wa bara hili. Huyo hafungi ziwa wala hachani nyavu. Kwa hiyo ugugu haumo katika ukoo. "Gugu" si jina la kisayansi, ni neno la mkulima na mvuvi, nalo linaeleza kinachotokea pale mmea ulipo. Hapa kwetu umefika bila wale wadudu wanaoula kwao, ukakuta maji yaliyorutubishwa na mbolea, udongo wa mashamba na maji machafu ya miji yetu. Tumelilaani gugumaji huku sisi wenyewe tukilipikia chakula.

Nilifurahi. Niliona nimepata mfano mzuri wa mahubiri.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku ya kukusanya vyeti vya ubatizo, maana hatumpi mtoto kipaimara bila kuona cheti. Wakaja mmoja mmoja mezani. Yule binti aliweka mbele yangu bahasha ya kaki iliyochakaa pembeni. Nikatoa karatasi, nikaikunjua, na kabla sijasoma neno hata moja niliutambua mwandiko.

Ulikuwa wangu. Usharika wangu wa kwanza ulikuwa kijijini Muleba. Nilikuwa na miaka michache tu tangu nitoke chuo cha theolojia Makumira, na nilijivunia vitabu vyangu vya kumbukumbu kuliko jambo lolote. Hakuna safu niliyoiacha wazi. Kwenye nafasi ya jina la baba nilikuwa nimepiga kistari. Na chini kabisa, mahali pa maelezo, ambapo mchungaji angeweza asiandike chochote, nilikuwa nimeandika: Mtoto wa nje ya ndoa. Kisha saini yangu na muhuri.

Sikuweza kuinua macho. Binti ndiye aliyeongea, kwa sauti ndogo ili wenzake wasisikie.

"Mama aliniambia ni wewe uliyenibatiza."

Kumbe alijua. Miaka miwili alikuwa amekaa darasani kwangu, akaimba nyimbo nilizomfundisha, akajifunza kwa moyo sehemu ya nne ya Katekisimu Ndogo, ile ya Ubatizo, huku nyumbani kwenye sanduku la mama yake kuna karatasi yenye mwandiko wa mwalimu huyo huyo.

Sasa lazima niseme jambo ambalo washarika wangu wengi hawalijui. Cheti changu mimi nacho kina kistari mahali pa baba. Mama yangu alinizaa akiwa nyumbani kwao. Alikaa chini ya nidhamu ya kanisa muda mrefu, akiketi benchi la nyuma, akitoka nje kimya wengine walipokwenda kwenye Meza ya Bwana. Bibi ndiye aliyenipeleka kubatizwa. Nilikiona kistari kile kwa mara ya kwanza nilipokuwa nakusanya vyeti vya kuombea nafasi chuoni. Nilikificha chini ya vyeti vingine, nikaomba karani asikiangalie sana. Nakumbuka joto lililonipanda usoni. Mtu ambaye ameonja joto lile ndiye aliyekuja, miaka michache baadaye, akashika kalamu na kumwandikia mtoto wa mwenzake zaidi ya kile alichoandikiwa yeye.

Kwa nini? Nimejiuliza sana. Nadhani nilitaka kuwa upande wa wanaoandika. Aliyewahi kuandikwa vibaya hushikwa na hamu ya kuonyesha kwamba yeye sasa ni mlinzi wa utaratibu. Wala sikuandika uongo. Mtoto yule kweli alizaliwa nje ya ndoa, kama vile gugumaji kweli linafunga ziwa. Kosa langu lilikuwa la mpangaji: nilichukua habari ya tukio moja katika maisha ya wazazi nikaifanya kuwa aina ya mtoto. Niliandika ukoo wake, na ukoo niliouandika haukuwa wake. Dakika tano kabla ya hapo nilikuwa nimemmwagia maji kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Ubatizo ulikuwa umeshasema yeye ni mtoto wa nani. Kisha nikaketi mezani nikasahihisha kazi ya Mungu kwa kalamu ya wino wa buluu.

Sisi tunaosema Kiswahili tunaelewa jambo hili bila kwenda chuo. Lugha yetu inapanga majina katika ngeli. Mtu ana ngeli yake. Ukimtoa humo ukamwita "jitu" au "kijitu," hujabadilisha umbo lake hata kidogo, lakini kila anayesikia anajua umemtukana.

Wanafunzi wa Yesu walipomwona kipofu tangu kuzaliwa, katika Yohana sura ya 9, swali lao la kwanza lilikuwa la mpangaji: ni nani aliyetenda dhambi, huyu au wazazi wake? Walitaka kujua wamweke safu gani. Bwana alikataa safu zote mbili walizompa. Na katika mfano wa magugu, Mathayo 13, watumwa wanataka kuingia shambani kung'oa, naye mwenye shamba anawazuia. Nilipokuwa kijana nilidhani anawazuia kwa sababu ya huruma kwa magugu. Sasa naona anawazuia kwa sababu anayajua macho ya watumwa wake. Hawawezi kutofautisha, na wanajiamini sana.

Mtu asinielewe vibaya. Sisemi kwamba dhambi ni jina tu, ukibadilisha jina imekwisha. Watafiti walipolirudisha gugumaji kwenye Pontederia, ziwa halikusafishika. Lilichosaidia ziwa ni kazi: watu walioingia majini kung'oa kwa mikono, na vidudu vidogo wa jamii ya fukusi, wenye asili ya huko huko kwao gugumaji, walioachiwa ziwani katika miaka ya 1990, wakala majani, na viwavi vyao vikatoboa vikonyo mpaka mmea ukazama. Dhambi ina madhara, na kanisa lisilosema hivyo halimpendi mtu. Lakini Mlutheri anafundishwa tangu kipaimara kwamba mtu yule yule ni mwenye dhambi na ni mwenye haki kwa neema. Ukiandika moja tu kati ya hayo mawili, umeandika cheti cha uongo hata kama kila neno ni kweli.

Wiki ile nilipanda basi dogo kwenda Muleba. Mchungaji wa pale alinipokea vizuri, tukaketi na wazee wa kanisa wawili, tukafungua kitabu cha ubatizo. Nilikuwa nimejiandaa kumkuta huyo mmoja. Nikawakuta 11, wote kwa mwandiko wangu, katika miaka minne.

Mzee mmoja alipendekeza tufute kwa wino mweupe ili iishe. Nikakumbuka wale wataalamu wa mimea. Wakisahihisha jina, hawalifuti la zamani. Wanaliweka kando ya jina jipya ili mtu anayesoma kitabu cha miaka 100 iliyopita ajue ni mmea ule ule, na ajue nani aliita nini na lini. Nikaomba tufanye vivyo hivyo. Tulipiga mstari mmoja juu ya maneno yale, bado yanasomeka. Pembeni nikaandika tarehe, nikaandika kwamba maelezo haya hayakustahili kuandikwa na kwamba kosa ni langu, nikatia saini. Mara 11. Wazee nao wakatia saini. Kistari cha jina la baba tulikiacha, kwa sababu hatukuwa na jina la kuandika, na uongo mpya hauponyi kosa la zamani. Vyeti vipya vikaandikwa bila maelezo yoyote.

Niliporudi nilikwenda nyumbani kwa yule mama. Alihamia Ijuganyondo kwa dada yake miaka mingi iliyopita. Kanisani nilikuwa nikimwona nyuma kabisa, karibu na mlango, na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Nilimkuta uani anamenya ndizi. Alinyanyuka anisalimie, nikamwomba aendelee, nikakaa kwenye kigoda nikamweleza yote. Nikampa cheti kipya. Nikamwomba msamaha.

Hakukiangalia cheti mara moja. Alifuta mikono kwenye kanga.

"Mchungaji, mimi karatasi ile sikuisoma mpaka mtoto alipoanza shule. Kilichoniuma ni siku yenyewe. Wenzangu uliwaita majina ya watoto wao taratibu, kanisa zima likasikia. Wa kwangu ulimtaja haraka haraka, kama mtu anayekimbia mvua."

Sikukumbuka. Mpaka leo sikumbuki. Yeye amekumbuka kwa miaka 15. Nilikuwa nimesafiri mpaka Muleba kusahihisha kitabu, na jeraha lenyewe halikuwa kitabuni.

Nikamwambia, "Mama, nisamehe hilo pia." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nimekusikia." Akamwita binti alete maji ya kunawa, akaniambia nisubiri chakula. Nilikula pale, na sikuondoka na uhakika kwamba yameisha. Nafikiri ni sawa. Msamaha si haki ya anayeomba.

Aina mojawapo ya wale fukusi wanaokula gugumaji ina jina lake la kisayansi, Neochetina eichhorniae. Mmea umepewa tena jina lake la kwanza, lakini mdudu bado anabeba lile la waziri, na ataendelea kulibeba, kwa kuwa sheria za majina hazimbadilishi yeye kwa sababu mmea umebadilishwa. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Ukisahihisha rejista leo, bado yako majina yaliyokwisha kuingia midomoni mwa majirani, na mengine yaliyokwisha kuingia ndani ya mtu mwenyewe, naye akachagua benchi lake kutokana nayo. Hayo hayafutwi kwa siku moja ya safari.

Siku ya kipaimara ilifika. Nilikuwa na watoto 34. Nilikuwa nimejiapia kwamba nitalitaja jina la kila mmoja polepole, mpaka mzee mmoja wa kanisa akaanza kutazama saa. Binti yule alipopiga magoti niliweka mkono kichwani pake, nikalitaja jina lake lote, la ubatizo na la ukoo wa mama yake, kwa sauti iliyofika mlangoni. Kisha nikainua macho nitazame benchi la nyuma.

Mama hakuwapo pale. Alikuwa benchi la tatu kutoka mbele, upande wa kina mama. Sijui kama ni kwa ajili ya cheti, au ni kwa sababu wazazi wote walikuwa wameombwa wakae mbele siku ile. Sikumuuliza.

Na ile kazi ya bayolojia? Binti aliandika majina yote mawili, akaeleza lipi lilitangulia na kwa nini limerudi. Mwalimu alimpa alama 18 kati ya 20.

Ndugu msomaji, pengine wewe huna kitabu cha ubatizo mezani pako. Lakini uko mtaani kwako, katika kwaya yako, katika jumuiya yako, na mnao watu mnaowataja kwa safu zao: yule mjane wa nani, yule aliyeachika, yule aliyefungwa, mtoto wa yule. Mengine ni ya kweli. Nakuomba ufanye kazi aliyonifundisha mwanafunzi mwenye ndoo ya rangi: mwinamie mtu huyo, umwangalie, uulize nani alimpa jina hilo na kama alikuwa na haki ya kumpa. Na ukikuta mwandiko ni wako, usitumie wino mweupe. Piga mstari, tia saini, kisha nenda nyumbani kwake ukakae kwenye kigoda na umsikilize.

Bwana anayetujua kila mmoja kwa jina atusaidie kuyatamka majina ya watoto wake bila haraka.